Nani Aliyeiandika Orodha? Historia ya Vyeti-Mzizi katika Pochi za Sarafu za Kripto, Ikitazamwa kutoka Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya orodha ya vyeti-mzizi, yaani vyeti vya mamlaka ambazo programu ya pochi ya sarafu za kripto huziamini bila kumuuliza mwenye pochi. Yanaanza na asili ya orodha hiyo katika vivinjari vya miaka ya 1990, yanaeleza jinsi ilivyoingizwa katika programu ya Bitcoin Core mwaka 2014 na kuondolewa mwaka 2020, kisha yanaonyesha kwamba iliendelea kuishi ndani ya simu hata baada ya kuondolewa huko. Historia hiyo inatazamwa kutoka West Nile, eneo ambalo fedha zilizo mikononi mwa wakazi wake zimewahi kufutwa mara kadhaa kwa maamuzi yaliyofanywa mbali. Makala yanatetea hoja kwamba sera za fedha za Uganda tangu mwaka 2017 zimezungumzia sarafu na wanaoiuza, lakini zimeiacha orodha. Na kwamba mwenye noti iliyofutwa, tofauti na mwenye simu, angalau alitangaziwa.

1.0 Utangulizi

Kaunti ndogo ya Ajia iko upande wa Vurra katika wilaya ya Arua, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kaskazini yake, Koboko imekaa pale ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana. Nyumbani watu huzungumza Kilugbara na Kikakwa. Sokoni na miongoni mwa wabadilishaji fedha, Kiswahili ndicho kinachovuka mipaka hiyo mitatu bila kuombwa pasi. Kwa mwanahistoria wa fedha, eneo hili ni darasa. Sehemu hii ya nchi ilikuwa ndani ya Lado ya Mfalme Leopold, ikapitia mikononi mwa Sudan ya Waingereza na Wamisri baada ya kifo chake mwaka 1909, na ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mtu aliyezaliwa huko mwanzoni mwa karne angeweza kuishi chini ya mihuri mitatu bila kuhama kijiji.

Fedha nazo zilibadilika hivyo hivyo. Rupia ya India ilipoondolewa, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ilileta florini, na muda mfupi baadaye shilingi. Desemba 1979 serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na zaire 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwaka huo huo, baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwezi Aprili, familia nyingi za West Nile zilikuwa zimekimbilia upande wa Zaire na Sudan, na yeyote aliyekuwa ameweka akiba yake katika noti hizo alilazimika kuifikia benki iliyokuwa mbali au kubaki na karatasi. Mei 1987 Uganda yenyewe ilikata sufuri mbili katika shilingi yake na kutoza asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Julai 2011 Sudan Kusini ilitoa pauni yake, na Khartoum nayo, siku chache baadaye, ikatoa pauni mpya. Wafanyabiashara wa Kaya na Oraba walijikuta na noti ambazo pande zote mbili zilikuwa zinaziaga.

Matukio haya yanatajwa kwa sababu maalumu. Katika kila moja, kulikuwa na chombo fulani kilichokuwa na uwezo wa kusema ni karatasi ipi iaminike, na uwezo huo ulitumika ghafla. Hata hivyo kulikuwa na tangazo. Lilikuwa la kikatili, pengine lilifika kwa redio likiwa limechelewa, lakini lilikuwa na tarehe, jina la aliyelitoa, na dirisha la kubadilishia. Ajia haikuchaguliwa hapa kwa sababu ya wingi wa sarafu za kripto. Imechaguliwa kwa sababu ukikaa Ajia unaona vizuri jambo ambalo mtu wa Nairobi au London huweza kulisahau: kwamba kila fedha ina orodha nyuma yake, na kwamba orodha hiyo ina mwandishi.

2.0 Mhuri juu ya mhuri

Afisa wa mpakani Vurra hamjui msafiri. Anaujua mhuri ulio kwenye kitambulisho, na anaujua kwa sababu wakubwa wake wamempa mifano ya mihuri inayokubalika. Simu hufanya kazi kwa mantiki hiyo hiyo. Programu inapotaka kuwasiliana na seva ya mbali, seva hutoa cheti cha kidijitali kinachoeleza jina lake na ufunguo wake wa wazi. Cheti hicho kimetiwa saini na mamlaka ya vyeti; mamlaka hiyo nayo huenda imetiwa saini na nyingine iliyo juu yake; na mnyororo huo huishia kwenye cheti kilichojitia saini chenyewe. Hicho ndicho cheti-mzizi. Hakuna aliye juu yake wa kukidhamini. Huaminika kwa sababu moja tu: kimo katika orodha iliyokuja na simu, kompyuta au kivinjari.

Orodha ya kwanza iliyotumiwa na umma ilitokana na kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990, ilipohitaji njia ya kuwafanya watu watume namba za kadi za benki kupitia intaneti. Inafaa kukumbukwa kuwa Afrika ilikuwapo tangu mwanzo huo. Kampuni ya Thawte, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth nchini Afrika Kusini mwaka 1995, ilikuwa miongoni mwa mamlaka za kwanza ambazo vyeti-mzizi vyake vilikubaliwa na vivinjari vikubwa. Mwaka 1999 iliuzwa kwa VeriSign ya Marekani kwa dola milioni 575 hivi. Biashara ya vyeti ya VeriSign ikanunuliwa na Symantec mwaka 2010. Kisha, mwaka 2017, Google ilitangaza kwamba haitaendelea kuviamini vyeti vya Symantec kwa sababu ya kasoro katika utoaji wake, na kufikia mwishoni mwa 2018 kivinjari cha Chrome kilikuwa kimevikataa. Mzizi ulioota Afrika Kusini ulinyauka baada ya miaka ishirini na kitu, na uamuzi wa kuukata ulifanyiwa California.

Leo waandishi wakuu wa orodha ni wanne: Mozilla, Microsoft, Apple na Google. Orodha ya Mozilla ina vyeti zaidi ya 100. Hakuna hata kimoja kilicho cha serikali ya nchi ya Afrika Mashariki. Barani kwetu, cheti cha wakala wa taifa wa Tunisia kilifanikiwa kuingizwa, baada ya safari ndefu ya ukaguzi. Kenya ina mfumo wake wa kitaifa wa vyeti ambao mzizi wake unasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na Uganda ilipitisha Sheria ya Saini za Kielektroniki mwaka 2011 iliyoweka utaratibu wa kuwapa leseni watoaji wa vyeti. Sheria hizo ni halali ndani ya mipaka. Simu iliyouzwa Arua haizijui.

Udhaifu wa mpangilio mzima ulidhihirika mwaka 2011. Kampuni ya Kiholanzi, DigiNotar, iliingiliwa na wadukuzi waliotoa vyeti vya uongo zaidi ya 500, kikiwamo cha Google kilichotumika kuwapeleleza watumiaji nchini Iran. Kwa kuwa mzizi wa DigiNotar ulikuwa katika orodha, vivinjari vyote viliviamini vyeti hivyo. Waandishi wa orodha waliufuta mzizi, na kampuni ikafilisika kabla ya mwisho wa Septemba mwaka huo. Mzizi mmoja mbovu unatosha, kwa sababu kila mzizi ulio katika orodha unaweza kumdhamini yeyote duniani.

3.0 Orodha inaingia katika pochi

Bitcoin ilibuniwa ili kuepuka wadhamini wa namna hii. Maandishi ya Satoshi Nakamoto ya mwaka 2008 yalipendekeza fedha ambayo uhalali wake hauthibitishwi na benki bali na hesabu ambayo kila mshiriki anaweza kuirudia mwenyewe. Katika pochi ya mwanzo hapakuwa na jina la mtu wala la duka. Palikuwa na anwani: msururu wa herufi na tarakimu usiomwambia mlipaji chochote kuhusu anayelipwa. Udhaifu wake ulionekana mapema. Mwizi aliyeweza kuingilia ukurasa wa duka na kubadilisha anwani hiyo alipokea fedha, na malipo ya Bitcoin hayarudishwi.

Mwaka 2013 Gavin Andresen na Mike Hearn waliandika suluhisho, lililojulikana kama Pendekezo la 70 la Maboresho ya Bitcoin, au itifaki ya malipo. Badala ya anwani tupu, duka lingetuma ombi la malipo lililotiwa saini kwa cheti chake. Pochi ingeufuata mnyororo wa saini hadi kwenye cheti-mzizi, na mlipaji angeona jina la duka kwenye skrini. Bitcoin Core iliingiza itifaki hiyo katika toleo la 0.9.0, lililotoka Machi 2014.

Swali la kihistoria linaanzia hapo. Ni mizizi ipi? Watengenezaji hawakuandika orodha yao. Programu ilichukua orodha iliyokuwa tayari katika mfumo endeshi wa kompyuta. Ilivikagua vyeti hivyo kimoja kimoja, ikavitupa vilivyokwisha muda na vilivyokuwa vimepigwa marufuku, ikavibakiza vingine. Kwa mtumiaji asiyeridhika, uliwekwa mpangilio uliomruhusu kuelekeza programu kwenye faili lake mwenyewe la vyeti-mzizi, au kuuzima uhakiki kabisa. Kwa mtazamo wangu, mpangilio huo mdogo ndio mahali pekee katika historia nzima ya pochi ambapo mtu wa kawaida aliulizwa waziwazi anamwamini nani. Uliandikwa kwa ajili ya watu wanaojua kufungua dirisha la amri. Wengine wote walirithi chaguo la Microsoft au la Apple pasipo kufahamu kwamba kulikuwa na chaguo.

Urithi huo haukuwa wa orodha peke yake. Ili kuvisoma vyeti, pochi ilitegemea maktaba ya programu iitwayo OpenSSL. Aprili 7, 2014, majuma matatu hivi baada ya toleo la 0.9.0, dunia ilitangaziwa kasoro iliyoitwa Heartbleed ndani ya maktaba hiyo, kasoro iliyomwezesha mshambuliaji kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta iliyo upande wa pili. Kesho yake likatoka toleo la 0.9.1. Watengenezaji hawakugusa msimbo wao wenyewe; walibadilisha OpenSSL tu. Waliokuwa hatarini hasa ni watumiaji waliobofya viungo vya itifaki ya malipo. Kifaa kilicholetwa kumlinda mlipaji dhidi ya anwani bandia kilikuwa kimefungua dirisha jingine kwenye chumba chenye funguo za siri.

Kuanzia hapo itifaki ya malipo iliishi maisha ya kubishaniwa. BitPay, mojawapo ya kampuni kubwa za kuwapokelea wafanyabiashara malipo ya Bitcoin, iliishikilia na hata kuwalazimisha walipaji kutumia pochi zinazoielewa. Wengine waliona kwamba imemrudisha mdhamini aliyefukuzwa mlangoni kwa kumpitishia dirishani, tena akiwa na mzigo wa msimbo mzito. Bitcoin Core iliipunguza hatua kwa hatua tangu toleo la 0.18, na katika toleo la 0.20 la mwaka 2020 ikaiondoa kabisa, pamoja na OpenSSL. Mpangilio wa kuchagua faili la vyeti-mzizi ukaondoka nayo.

4.0 Onyo lililopitwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mwaka 2020 orodha ilitoka katika maisha ya wenye pochi. Watu wengi hawatumii Bitcoin Core, ambayo hudai diski kubwa na intaneti ya kudumu. Hutumia pochi nyepesi za simu au za kivinjari, ambazo huuliza seva za mbali salio ni kiasi gani na huzikabidhi malipo ya kusambazwa. Saini ya malipo hutolewa na ufunguo wa siri ulio ndani ya simu, na hapo cheti hakihusiki. Lakini salio linaloonyeshwa, bei, kiwango cha ada, na hata programu yenyewe iliyopakuliwa, vyote hupita katika njia inayolindwa na vyeti, na vyeti hurudi kwenye orodha.

Matukio mawili ya mwaka 2018 yanaonyesha pande mbili za jambo hili. Tarehe 24 Aprili wahalifu waliteka kwa saa mbili hivi njia za intaneti zilizokuwa zikielekea kwenye seva za majina za Amazon, wakawapeleka wateja wa pochi ya MyEtherWallet kwenye tovuti ya kughushi. Wahalifu hawakuwa na cheti kilichodhaminiwa na mzizi wowote. Walitengeneza chao wenyewe. Vivinjari vilifanya kazi yake barabara: vilitoa onyo kwamba utambulisho wa tovuti hauwezi kuthibitishwa. Baadhi ya watu walibofya kuendelea, wakaingiza funguo zao, na sarafu za ether zenye thamani ya dola 150,000 hivi zikaondoka.

Desemba ya mwaka huo ikawa zamu ya Electrum, pochi nyepesi iliyoanzishwa na Thomas Voegtlin mwaka 2011. Electrum haikutegemea orodha ya vyeti-mzizi peke yake. Iliruhusu seva zijitie saini zenyewe, na pochi ilikikumbuka cheti ilichokiona mara ya kwanza ili kugundua kikibadilika baadaye. Ni utaratibu wa kijiji: nilikuona jana, leo nakutambua kwa sura. Wahalifu hawakuuvunja. Walisimika seva zao nyingi, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na haki ya kusimika seva, zilikuwa seva halali kwa kila kipimo. Kisha zikawatumia watumiaji ujumbe wa makosa uliowataka wapakue toleo jipya, na toleo hilo lilikuwa la wizi. Zaidi ya bitcoin 200 zilipotea katika wimbi la kwanza. Njia ilikuwa salama kabisa. Aliyekuwa mwisho wa njia ndiye aliyekuwa mwizi.

Ukiyaweka matukio haya sambamba, unaona kuwa katika lile la kwanza orodha ilisema kweli na haikusikilizwa. Kwa nini haikusikilizwa? Maelezo ya kawaida ni uzembe wa mtumiaji. Maelezo hayo hayatoshi, na huku kwetu hayatoshi zaidi. Onyo la cheti huandikwa kwa lugha ya wahandisi, na simu nyingi za Uganda huonyesha Kiingereza. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini istilahi za usalama wa kidijitali bado zinatafsiriwa kila mtu kivyake: huyu anasema cheti cha mzizi, yule cheti asilia, mwingine anaacha neno la Kiingereza lilivyo. Mtu hawezi kuogopa kitu ambacho hakina jina lililokubaliwa.

5.0 Kutoka nyota na alama ya reli hadi programu

MTN ilianzisha huduma ya pesa za simu nchini Uganda Machi 2009. Kwa West Nile, ambako matawi ya benki ni ya kuhesabika, wakala wa pesa za simu akawa ndiye benki. Huduma hiyo ilijengwa juu ya namba fupi zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, zinazofanya kazi kwenye simu ya kitochi isiyo na intaneti. Jambo ambalo halijapewa uzito katika historia zetu za pesa za simu ni kwamba katika mpangilio huo hamna orodha ya vyeti-mzizi mfukoni mwa mteja. Mteja anaiamini kadi yake ya simu, kampuni iliyoitoa, na sura ya wakala. Ulinzi wa mawasiliano kati ya simu na mnara ni dhaifu, na wataalamu wamelisema hilo kwa miaka mingi. Lakini mwenye dhamana anajulikana, ana ofisi Kampala, na ana mdhibiti juu yake.

Kuhama kutoka simu ya kitochi hadi simu janja kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya maendeleo. Kwa upande wa dhamana ni uhamisho wa mamlaka. Programu ya pesa za simu, na zaidi yake pochi ya sarafu za kripto, huanza safari yake kwa kuisoma orodha ambayo Google au mtengenezaji wa simu aliiweka kiwandani. Kwa muda mrefu orodha hiyo katika Android iliweza kubadilishwa tu kwa sasisho la mfumo mzima, na simu za bei nafuu ama zilizotumika hupata masasisho kwa mwaka mmoja au miwili, kisha basi. Ni Android 14 ya mwaka 2023 iliyowezesha orodha kusasishwa peke yake. Simu nyingi zilizo mikononi mwa watu wa kawaida ni za kabla ya hapo.

Madhara yake yalikaribia kuonekana waziwazi mwaka 2021. Shirika la Let's Encrypt, ambalo tangu mwishoni mwa 2015 limekuwa likitoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, lilianza kazi kwa kuazima jina: cheti chake kilidhaminiwa na mzizi wa zamani wa kampuni ya IdenTrust. Mzizi huo ulikuwa umeandikiwa kufa tarehe 30 Septemba 2021. Mzizi wa Let's Encrypt yenyewe haukuwamo katika Android za kabla ya toleo la 7.1.1, na Novemba 2020 shirika hilo lilitangaza kwamba theluthi moja hivi ya simu za Android zilikuwa bado na matoleo hayo ya zamani. Maana yake ilikuwa kwamba, kuanzia tarehe fulani, simu hizo zingekataa kufungua sehemu kubwa ya intaneti, zikiwamo seva za huduma za fedha zinazotumia vyeti hivyo. Waathirika wangekuwa hasa watu wa nchi ambako simu hutumika mpaka ife.

Janga hilo lilizuiwa kwa ufundi ambao sijui nausifu au nauhofia. Ilibainika kwamba Android haikagui tarehe ya mwisho ya cheti-mzizi kilichomo katika orodha yake. Basi IdenTrust ikakubali kutia saini mpya itakayodumu kupita kifo cha mzizi wake wenyewe, na simu za zamani zikaendelea kuuamini mzizi uliokwisha muda, hadi mwaka 2024. Mamilioni ya watu waliokolewa na kasoro. Makubaliano hayo yalifanywa kati ya mashirika mawili ya Marekani. Yalikuwa ya hadharani na ya nia njema, lakini hakuna benki kuu ya Afrika Mashariki iliyokuwa mshiriki.

Kuna jambo jingine, dogo, ambalo fundi yeyote wa simu sokoni Arua angelieleza vizuri kuliko profesa. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na simu huzipima kwa saa yake. Betri ikiisha kabisa au ikitolewa, simu nyingi za bei ya chini hupoteza saa na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Hapo kila cheti huonekana ama hakijaanza ama ni cha uongo. West Nile kwa miaka mingi haikuwa kwenye gridi ya umeme ya taifa. Ilitegemea jenereta za kampuni ya WENRECo na, tangu mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Mahali ambapo simu huzimika mara kwa mara, onyo la cheti huonekana mara kwa mara bila mwizi yeyote kuwapo, na mtu hujifunza kulipita. Siku mwizi atakapokuja kweli, onyo litakuwa lile lile.

6.0 Sera iliyotazama sarafu

Februari 2017 Benki Kuu ya Uganda ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu OneCoin na biashara za namna hiyo zisizo na leseni. Mwaka 2018 Binance ilifungua soko lake nchini, likipokea shilingi za Uganda. Likafungwa mwaka 2020. Mwishoni mwa 2019 Dunamiscoins, iliyojiita biashara ya sarafu za kidijitali, ilifunga ofisi zake na kuondoka na fedha za maelfu ya watu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikapitishwa mwaka 2020. Tarehe 29 Aprili 2022 Benki Kuu iliwaandikia wenye leseni za mifumo ya malipo, ikiwakataza kuwezesha ubadilishaji wa sarafu za kripto kuwa pesa za simu au kinyume chake. Waraka huo ulipingwa mahakamani, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Kampala ikaitupa kesi.

Katika mlolongo huu wote, mdhibiti anauliza ni nani anauza na je, ana leseni. Hilo ni swali la haki, na baada ya Dunamiscoins hakuna mwenye busara atakayelibeza. Ila waraka wa 2022 haukuzifuta pochi zilizokuwa tayari ndani ya simu. Ulikata daraja kati ya pochi hizo na kampuni zinazokaguliwa, na anayeendelea kuzitumia hutumia programu ambazo hakuna taasisi ya Uganda yenye wajibu wa kuuliza zinaamini mizizi ipi, zinashikilia cheti cha seva yao wenyewe au zinategemea orodha ya simu, na zitafanya nini siku mzizi utakapofutwa. Maswali hayo matatu hayahitaji mtu aipende Bitcoin. Yanaihusu vilevile programu ya benki yenye leseni zote.

Wako watakaosema dawa ni taifa kuwa na mzizi wake na kuuweka katika simu za raia. Kazakhstan ilijaribu. Julai 2019 watumiaji wa intaneti huko walitakiwa kusakinisha cheti-mzizi cha serikali, ambacho kingeiwezesha kuyafungua mawasiliano yao yaliyosimbwa. Mwezi uliofuata Mozilla, Google na Apple zilikizuia cheti hicho katika vivinjari vyao. Jaribio la Desemba 2020 likakutana na jibu lile lile. Android nayo, tangu toleo la 7, haiviruhusu vyeti vilivyoongezwa na mwenye simu kuaminiwa na programu nyingine isipokuwa programu husika iwe imekubali. Mzizi wa taifa usiokaguliwa na mtu mwingine ni mlango wa nyuma, na mwenye pochi ndiye wa kwanza kuibiwa kupitia mlango huo. Njia ya Tunisia, ya kukubali ukaguzi wa nje na kusubiri, ni ndefu zaidi lakini ni ya heshima.

Kati ya njia hizo mbili pana nafasi ambayo haijakaliwa. Mozilla hujadili hadharani kila mzizi unaoomba kuingia na kila unaotolewa, na mtu yeyote anaweza kuhoji. Mamlaka za mawasiliano na benki kuu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zingeweza kuwa na watu wanaofuatilia mijadala hiyo kama zinavyofuatilia viwango vya riba, na kutoa tangazo kwa Kiswahili, lenye tarehe na aina za simu zitakazoathirika, kabla ya mzizi mkubwa kuondoka. Kenya ilipopitisha mwaka 2025 sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali, ilipata chombo cha kuwadai wenye leseni maelezo ya namna hiyo. Uganda inaweza kufanya hivyo kwa kanuni chini ya sheria ya mwaka 2020, bila kubadilisha msimamo wake juu ya sarafu zenyewe. Kazi ya istilahi ni ya vyuo vikuu vyetu, na haihitaji idhini ya mdhibiti.

Tarehe ya kwanza ya kuandikwa kwenye tangazo hilo inajulikana tayari. Mzizi wa Let's Encrypt uitwao ISRG Root X1, ulioundwa Juni 2015, una tarehe ya mwisho ya Juni 4, 2035. Lakini sera ya sasa ya Mozilla haitaki mzizi wa tovuti uaminiwe zaidi ya miaka 15 tangu ufunguo wake ulipotengenezwa, kwa hiyo katika orodha hiyo utaondoka karibu na mwaka 2030. Baadhi ya simu zinazouzwa leo Arua na Koboko zitakuwa bado zinatumika.